Wagonjwa wa kiharusi wanahitaji simu kabla ya roboti

Mhariri,

Teknolojia ya hospitali ikitajwa katika mikutano ya kaunti, mawazo hukimbilia mashine kubwa. Kwa wagonjwa wa kiharusi na wengine walioumia ubongo, naomba tuanzie kwa kitu kilicho tayari mikononi mwa wahudumu wetu wa vijijini.

Baba yangu alipooza upande wa kulia. Aliporuhusiwa kutoka wodini tulipewa karatasi yenye michoro ya mazoezi na tarehe ya kliniki. Kutoka kwetu Ahero, mtu asiyeweza kuinua mguu kupanda matatu anahitaji watu wawili wa kumshika na kondakta mwenye subira. Kliniki zikaanza kutupita. Vidole vikakaza, na jamaa waliokuja kumjulia hali wakawa wanamwinua kitandani kwa kumvuta mkono uleule mgonjwa. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba bega lililopooza huumia kwa kuvutwa hivyo.

Seli za ubongo zilizokufa hazirudi. Sehemu zilizosalia ndizo hujifunza kazi upya, mradi kiungo kitumike tena na tena. Hapo ndipo tiba yetu inapopwaya, wala si kwetu tu. Utafiti wa mwaka 2009 katika vituo vya Marekani na Kanada ulikuta kwamba, katika kila kipindi cha kuuzoesha mkono kazi, mgonjwa aliurudia mwendo mara 32 kwa wastani. Majaribio ya wanyama yaliyoonyesha ubongo ukibadilika yalitumia mamia kwa siku.

Roboti za mazoezi zilitarajiwa kuziba pengo hilo. MIT-Manus, iliyobuniwa Marekani, hushika mkono wa mgonjwa na kuuongoza huku akicheza mchezo kwenye skrini. Uingereza waliijaribu katika utafiti wa wagonjwa 770, na majibu yaliyotoka 2019 yalionyesha kwamba waliofanya mazoezi kwa roboti hawakuwazidi wale wa huduma ya kawaida katika kuutumia mkono. Nchi tajiri imekwisha kulipa gharama ya kulijua hilo. Kwa nini Kisumu tuilipe upya?

Simujanja, hata ya bei nafuu, ina kihisi cha mwendo, kilekile kinachogeuza picha ukiilaza. Ukiifunga kwenye kifundo cha mkono, programu inaweza kuhesabu mkono umeinuka mara ngapi. Mtaalamu wa viungo alitukubalia tujaribu, akatuonyesha namna ya kulilinda bega. Baba akawa anahamisha vifuniko vya soda kutoka sufuria moja hadi nyingine, mkono wa kushoto ulio mzima tumeufunga leso usije ukasaidia. Yeye hapendi kuamrishwa na watoto wake, lakini simu ilipolia kuhesabu hakuona kama ni amri. Akiifikia hesabu ya jana, husema kwa ulimi ambao bado ni mzito, "Ongeza." Hawezi kufunga vifungo vya shati. Kikombe cha chai anakishika mwenyewe, na kwa nyumba yetu hilo ni jambo kubwa.

Tangu 2023 serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchini, simu na vifaa vya kupimia presha. Wanabisha hodi kwetu tayari. Naiomba Kaunti ya Kisumu, na majirani wa Siaya, Homa Bay na Vihiga, waweke programu ya mazoezi katika simu hizo, iongee Kijaluo, Kiluhya na Kiswahili, maana wagonjwa wengi ni wazee na baadhi hawasomi. Hesabu za mgonjwa zimfikie mtaalamu wa viungo hospitalini, naye ampigie kwa video akiona zimeshuka. SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, ikubali kulipia muda huo. Taarifa za mgonjwa zilindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Wataalamu wa viungo waajiriwe pia. Programu isiyo na mtu wa kuifuatilia ni mchezo wa simu tu, na mgonjwa anayekosea zoezi kila siku anajiumiza kila siku.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo nafuu huja kwa kasi zaidi. Basi mpango uanzie wodini: mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla mhamasishaji wa kijiji chake hajapata jina lake na mazoezi yake, na familia haijaonyeshwa namna ya kumwinua.

Mtunzaji wa mgonjwa,
Ahero, Kaunti ya Kisumu