Barua kwa mwanangu anayeandika filamu ya karafuu

Assalaam alaykum mwanangu,

Mpango wa filamu yako nimeusoma, kisha nikamsomea bibi yako, maana macho yake siku hizi hayamsaidii. Amefurahi sana kwamba umechagua karafuu. Nami nimefurahi, ndiyo maana nimekaa kukuandikia barua, si ujumbe wa haraka wa simu.

Umeanza na Sultani Seyyid Said na amri yake ya kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kikafuata kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Kisha Mapinduzi na eka tatu tatu za ardhi walizogawiwa watu. Kisha msichana wako, harusi yake, safari ya boti kutoka Mkoani, na mazishi. Yote hayo kwa dakika kumi! Wewe mwenyewe uliniambia ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja. Hicho kimbunga utakipa kurasa ngapi?

Hadithi ni msichana. Hayo mengine yajue, yakusaidie kuamua bibi yake avae nini na azungumze vipi. Eka tatu anaweza kuzitaja bibi huyo kwa sentensi moja huku anachambua, basi.

Nakuomba uchukue siku moja tu ya msimu. Karafuu zimechambuliwa usiku, makonyo, yaani vijiti vyake, yamewekwa kando, asubuhi zimeanikwa uwanjani. Zinataka siku kadhaa za jua kali, na zikinyeshewa rangi inaharibika. Kwenye kituo cha kununulia karafuu lazima wazitazame kabla ya kupima. Msichana ameficha zake kidogo juu ya bati la banda la jiko, amwuzie mtu anayenunua kwa kikombe, kwa siri, kwa sababu unajua biashara hiyo imekatazwa. Saa tisa alasiri wingu la vuli linatanda. Nyumba nzima inakimbilia majamvi kuanua. Akipanda bandani, wote watamwona. Asipopanda, zinaroa. Mimi ningeanzia hapo na kumalizia hapo hapo.

Umeandika kwamba anataka "maisha bora". Hilo, mwanangu, kamera hailioni. Mpe kitu cha kushikika. Tuseme anataka kumnunulia bibi miwani, kwa kuwa bibi anachambua kwa kupapasa tu, na makonyo yanachanganyika na karafuu. Hapo wizi wake unakuwa mgumu kuhukumiwa: anawaibia wa nyumbani kwa ajili ya wa nyumbani.

Mvua ikipiga bati hamtasikizana, kwa hiyo pahala hapo usimwandikie mtu maneno. Nyuso zao zinatosha. Mvua nayo haiitwi. Siku mtakayokuja, kamera iwe tayari kila wingu linapojikusanya, na mpige watu wakianua hata kama wachezaji hawajajiandaa. Wala karafuu hazingoji ratiba ya chuo. Huchumwa kabla matumba ya maua hayajafunguka, yakishafunguka thamani imepotea, na wenye shamba hawatawaachia mti ati mnapiga picha.

Lile tukio la msichana kupanda mkarafuu liondoe kabisa. Matawi yake hukatika ghafla, na wachumaji waliozoea huanguka, sembuse mtoto wa mjini. Mweke chini anaokota. Na wanawake wanaochambua waombe ruhusa mmoja mmoja kabla hamjawasha kamera. Asiyetaka sura yake ionekane, piga mikono yake. Ina mengi kuliko maelezo uliyoyaandika ukurasa wa pili.

Bibi yako ameuliza jambo ambalo mpango wako haukulijibu: mama wa msichana anajua, au hajui? Yeye anasema anajua tangu asubuhi na amenyamaza. Mimi naona hajui. Ukishaamua nipigie, kabla hujakata tiketi za wenzio, ili nikazungumze na wenye shamba na mamako aandae pa kulala.

Wassalaam,
Babako, Wete