Kwa Nini Programu Yako Haiamshi Sehemu Zake Zote kwa Pamoja

Wateja wetu wanaotumia programu za ofisini zilizojengwa juu ya jukwaa la Eclipse hutuuliza mara kwa mara kwa nini dirisha kuu hufunguka upesi, ilhali ripoti ya kwanza ya asubuhi huchelewa kwa sekunde kadhaa na zinazofuata hutoka papo hapo. Kwa kawaida kuchelewa huko si hitilafu. Kumepangwa, na anayeuelewa mpango huo hutambua kwa urahisi ni lini amwite fundi na ni lini asubiri tu.

Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2004, Eclipse husimama juu ya Equinox, mfumo unaofuata kanuni za OSGi, kiwango cha kuunda programu kwa sehemu zinazojitegemea. Humo programu hugawanywa katika vifurushi, na kila kifurushi hupitia hatua zake: husakinishwa, huhakikiwa kwamba vyote kinavyovitegemea vipo, huanza, kisha huwa hai. Programu kubwa huwa na mamia ya vifurushi, na kuviamsha vyote kwa pamoja kungemlia mtumiaji muda na kumbukumbu ya kompyuta kwa ajili ya kazi ambazo huenda siku hiyo asizifanye kabisa.

Ndiyo maana faili la maelezo la kifurushi huweza kuwekewa mstari wa Bundle-ActivationPolicy: lazy, ulioingia rasmi katika OSGi toleo la 4.1 la mwaka 2007. Kifurushi cha namna hiyo kikishaagizwa kuanza hubaki kikingoja, na msimbo wake wa kuamka hautekelezwi mpaka klasi ya kwanza, yaani kipande cha msimbo wake, ipakiwe kutoka ndani yake. Menyu na vitufe huonekana mapema kwa sababu maelezo yake husomwa katika faili la plugin.xml; mtumiaji anapobofya ripoti ndipo klasi inapopakiwa na kifurushi kuamka.

Shida inayostahili fundi ni nyingine, nayo huwachosha watu kwa sababu haitoi ujumbe wowote wa kosa. Tuseme kifurushi cha ankara husajili huduma yake, yaani kazi kinayowafanyia vifurushi vingine, ndani ya msimbo wa kuamka, na kifurushi cha mauzo huitafuta huduma hiyo kwenye rejesta (orodha ya huduma zilizosajiliwa) kupitia kiolesura (maelezo ya namna ya kuiita huduma) kilichohifadhiwa katika kifurushi cha tatu. Mauzo hayapakii klasi yoyote kutoka kwa ankara, kwa hiyo ankara haiamki, na huduma yake haionekani. Siku mtumiaji anapoanza na skrini ya ankara kila kitu huenda sawa, na siku anapoanza na mauzo kitufe kilekile hakifanyi lolote.

Baadhi ya mafundi humaliza shida hii kwa kulazimisha vifurushi vyote viamke mwanzoni. Hatupendekezi dawa hiyo, kwa kuwa humrudishia mteja uzito ambao mfumo uliundwa kumpunguzia. Sisi huhamishia usajili wa huduma kwenye faili la XML la kijenzi, yaani faili la maandishi linaloeleza ni klasi ipi inayotoa huduma gani, ili mfumo uitangaze huduma bila kupakia klasi yake, na kitu chenyewe kiundwe tu pale huduma inapoombwa kwa mara ya kwanza. Sharti moja husahauliwa mno: kifurushi kinachosoma mafaili hayo ya vijenzi ni lazima chenyewe kiwe kimewekwa kianze mapema, la sivyo ukimya uleule hurudi.

Vilevile tunaondoa kazi nzito katika msimbo wa kuamka, hasa kuunganisha hifadhidata au kusubiri seva ya mbali. Msimbo huo hutekelezwa kwenye uzi uleule (mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu) ulioomba klasi, ambao mara nyingi ndio unaochora skrini, kwa hiyo mtandao ukisuasua dirisha zima huganda. Katika hali mbaya zaidi nyuzi mbili hungojana, na programu hukwama mpaka izimwe.

Ukiona kitufe kisichoitikia, kabla ya kuifunga programu tafadhali andika ni skrini zipi ulizifungua na kwa mpangilio gani, kisha tupigie ukiwa bado umeiacha wazi. Kupitia konsoli ya Equinox (sehemu ya kuandikia amri), ikiwa imewashwa, amri ya ss hutuonyesha hali ya kila kifurushi, na kilichobaki kikingoja huonekana hapo hapo.