Ni kioo, si lenzi

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kushika kalamu, lakini habari yenu ya juma lililopita kuhusu darubini inayojengwa Cerro Armazones, Chile, imenishinda kunyamaza. Mliandika kwamba ina "lenzi ya mita 39". Hakuna lenzi ya namna hiyo duniani.

Lenzi hushikwa ukingoni tu, kwani mwanga sharti upite katikati. Ukiikuza mno, hubonyea kwa uzito wake yenyewe. Ile ya kituo cha darubini cha Yerkes, Marekani, ya mwaka 1897, ina kipenyo cha mita 1 na ushei, na wanafalaki hawakuendelea mbali zaidi ya hapo. Walihamia kwenye kioo kinachoakisi, maana kioo hubebwa mgongoni.

Cha Chile ni vipande 798 vya pembe sita, kila kimoja upana wa mita 1.4 hivi, unene sentimita 5, vya seramiki ya kioo isiyotanuka joto likibadilika. Kazi yenyewe ni kuvilinganisha viwe kioo kimoja, na hamkuigusa hata kwa sentensi moja! Darubini ikiinama, chuma kinachobeba vipande hupinda. Usiku ukipoa, husinyaa. Upepo nao unasukuma. Kwa hiyo kila ukingo una vipimio, na nyuma ya kila kipande kuna vifaa vya kukisukuma kirudi mahali pake kwa nanomita, yaani sehemu ya milioni ya milimita. Vikipishana, nyota inatawanyika kuwa ukungu. Tena tabaka la fedha linaloakisi huchakaa, ndiyo maana vimetengenezwa vipande 133 vya akiba, ili vingine viteremshwe, vioshwe na kupakwa upya bila kazi kusimama. Mnadhani uzembe mdogo hauna gharama? Kioo cha Hubble, darubini iliyoko angani, mita 2.4, kilirushwa mwaka 1990 ukingo wake ukiwa bapa kupita kiasi kwa mikroni 2.2 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa sababu lenzi ya kifaa cha kukipimia ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Marekebisho yalifika Desemba 1993.

Na matangazo mnayochapisha ya darubini za watoto, "hukuza mara 675"! Kwa kioo cha milimita 76, ukipita mara 150 unakuza ukungu. Wazazi wanatupa fedha.

Mwandishi wenu aulize kwanza kipenyo cha kioo, idadi ya vipande, na kinapakwa upya kila baada ya muda gani. Tangazo lisilotaja kipenyo kwa milimita, mrudishieni mwenyewe.

Fundi wa vifaa vya macho,
Tanga