YAH: Giaboksi inavuja, na filta mliyonichaji haijabadilishwa

Kwa Meneja wa Huduma,

Salamu. Nimeshapiga simu mara tatu na kila mara naambiwa "subiri tutakupigia", hakuna aliyepiga, basi naona niandike ili ibaki kwenye maandishi.

Gari yangu ni ile sedani ya spoti, injini ya V8 yenye tabo (turbo) mbili, niliileta kwenu wiki sita zilizopita ikiwa na kilomita 94,000 mbadilishe oili ya giaboksi pamoja na filta. Kijana wenu wa kaunta kwanza alinicheka kidogo, eti oili ya hii giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi. Nikamwambia kaka, waliotengeneza giaboksi yenyewe wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au ikifika miaka 8, na kama dereva ni mtu wa kukanyaga inatakiwa uwahi. Akakubali, nikalipa, nikapewa risiti, nikaondoka na furaha zangu.

Siku ya nne nikaona tone. Usiku ule nikakunjua boksi nikaliweka chini ya gari, asubuhi nikakuta madoa mawili, moja kama sarafu na lingine upana wa kiganja, yote usawa wa katikati ya gari, nyuma kabisa ya injini. Oili ya injini yangu saa hizi ni nyeusi, hii ilikuwa safi inang'aa, maana ni mpya, ni ile ile mliyoniwekea nyinyi. Nikapiga simu nikajibiwa hayo ni mabaki yaliyomwagika wakati wa kazi, yatakauka yenyewe. Nikaamini. Hapo kosa langu nalikubali, sikutakiwa kuipeleka gari uwanja wa mbio na madoa kwenye boksi nimeshayaona.

Lakini nilienda. Raundi ya tatu, kwenye ile sehemu iliyonyooka nikafika kilomita 238 kwa saa, nikafunga breki, nikashusha gia mpaka ya 3 kuingia kona ndefu ya kulia, na nilipokanyaga tena injini ikapaa mpaka karibu mizunguko 7,000 kwa dakika na gari haiendi popote, ni kama mtu kaniwekea nyutro. Sekunde moja hivi, halafu gia ikashika kwa kishindo nyuma yote ikacheza. Aisee nilitokwa jasho. Ikafuata harufu ya oili inayoungua na moshi mwembamba chini, kwa sababu ilikuwa inadondokea kwenye ekzosi ya moto. Nikatoka pembeni taratibu nikazima. Gari nyingine ilikuwa nyuma yangu, na oili ikiingia chini ya matairi ya mtu aliyeko kwenye spidi hiyo sihitaji kuwaeleza.

Sasa jibu lenu. Mlichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mkaona ile 238, mkaniandikia mistari miwili kwamba ni "matumizi mabaya" na waranti ya kazi yenu haihusiki. Jamani. Hii gari imefungwa na kompyuta isizidi 250, maana yake walioitengeneza wanajua itafika huko. Ina kitufe cha spoti, ina mfumo wa kuondoka kwa kishindo ukiwa umesimama, na kwenye tangazo lenu wenyewe iko uwanja wa mbio inachoma matairi. Mkiniuzia ni spidi, ikivuja ni spidi?

Sikatai kwamba spidi inaleta joto, na oili ikipata joto inakuwa nyepesi na inatanuka, penye mwanya itapita. Ila joto halikufungua bolti. Na ilikuwa inavuja siku ya nne, wakati huo naendesha kwenda kazini tu.

Nikampelekea fundi mwingine akaipiga jeki, nikaingia chini na tochi mwenyewe. Sampu ya hii giaboksi, yaani lile bakuli la oili la chini, ni ya plastiki na filta imejengwa humo humo ndani, haitoki peke yake, kwa hiyo ukibadilisha filta lazima ubadilishe sampu nzima. Kwenye risiti yenu nimechajiwa filta. Na sampu iliyoko kwenye gari ina mkwaruzo wa jiwe kwenye kona ya kushoto, umepinda kama ndoano, mkwaruzo ambao nina picha yake ya mwaka jana. Ni sampu ile ile! Hata haikufutwa vumbi kwa juu. Bolti nazo ni zile za zamani za alumini ambazo zikishafunguliwa zinatakiwa ziwekwe mpya, mbili zimelegea unazizungusha kwa vidole, moja kichwa kimekatika, na oili inatokea hapo hapo.

Kuna na hili la usawa wa oili. Inatakiwa ipimwe injini ikiwa inaunguruma na oili iko kama nyuzi 30 mpaka 50, unasoma joto kwenye mashine. Siku ile nilikuwa nimesimama dirishani, gari imetoka barabarani dakika chache, fundi wenu hakuchomeka mashine yoyote, akajaza, oili ilipoanza kudondoka kwenye tundu la kujazia akafunga. Oili ya moto imetanuka, ikipoa inapungua, kwa hiyo nilitoka kwenu ikiwa pungufu tayari, halafu ikavuja juu yake. Kwenye kona ndefu pampu ikavuta hewa, gia ikateleza.

Ninachotaka ni sampu mpya na bolti mpya, oili ijazwe nikiwepo na joto likisomwa kwenye mashine, na klachi za ndani zikaguliwe kwa gharama zenu maana zimeteleza kwa kosa lenu. Hela ya filta irudi. Nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 14, baada ya hapo picha zote nazipeleka kwa watetezi wa wateja.

Na hiyo sampu ya zamani mkiifungua msiitupe, nakuja kuichukua mwenyewe.

Mteja wenu