Kaka, hela ya bati imeliwa na tuisheni

Houston, Texas

Kaka shikamoo. Wifi hajambo, watoto hawajambo, Mama miguu yake inaendeleaje? Sisi huku wazima, joto ndo limeshaanza, mwezi wa nne tu na ukitoka nje saa nane mchana unajiona kama uko Tanga bandarini ila bila upepo.

Najua umeninunia. Ile meseji yako ya Jumapili, "fundi anasubiri bati", niliiona nikaacha kujibu, sababu jibu lake haliwezi kukaa kwenye meseji, na kila ukipiga mi niko shifti, simu imefungiwa kwenye loka. Kwa hiyo leo niko ofu, nimeketi na chai yangu, naandika yote, usome taratibu halafu ndo ukasirike.

Hela ya bati za kuezekea nyumba ya Mama nimeitumia kwa mwalimu wa tuisheni wa mwanangu Hashimu. Na sio mwalimu mmoja, ni watatu, na wa kwanza nilipigwa.

Sasa najua utasema si mnatuambia shule ya Marekani ni bure. Ni bure kweli, mpaka kumaliza sekondari. Chuo ndo sio bure. Na kabla ya chuo kuna huu mtihani unaitwa SAT, haupo kama NECTA ile ya nchi nzima kwa wakati mmoja, huu unafanyika Jumamosi mara kadhaa kwa mwaka, unajisajili mwenyewe, ukifeli unarudia. Maksi zinaanzia 400 zinaishia 1600, nusu Kiingereza nusu hesabu. Mama nilipomwambia kwenye simu Hashimu kapata 960 akashtuka, akasema pointi mia tisa na sitini mbona hiyo ni divisheni ziro ya ukoo mzima! Nilicheka mpaka machozi, ikabidi nimweleze kwamba huku kinyume, nyumbani pointi saba ndo kidume, huku zikiwa nyingi ndo vizuri.

Lakini 960 nayo sio ya kutangaza. Hiyo aliipata Desemba. Na kilichoniumiza Kaka, mi miaka yote hii wasiwasi wangu ulikuwa Kiingereza, maana katoka Muheza ana miaka tisa hajui kuomba maji, kumbe Kiingereza kapata 500, hesabu ndo 460. Mjukuu wa Mzee Hashimu aliyekuwa anapiga hesabu za katani kichwani!

Kaunsela wa shule akaniita, mama mmoja mpole sana, akanichorea kwenye karatasi. Hapa Texas vyuo vya umma vinataka mtoto aonyeshe yuko tayari kwa masomo ya chuo, na kwa SAT maana yake ni 480 upande wa Kiingereza na 530 hesabu. Akifika hapo anapita moja kwa moja. Asipofika, anapewa mtihani mwingine wa kupimwa unaitwa TSIA2, na huo nao akianguka anabebeshwa somo la kujazia pembeni ya somo la chuo lenyewe, na analilipia hela ile ile nzuri. Mi nikauliza swali moja tu, kwa hiyo amebakiza sabini? Akasema ndio, sabini. Nikatoka pale nimeshaamua.

Huyo kaunsela ndo kanisaidia pia ada ya mtihani, maana watoto wa kipato chetu wa darasa la kumi na moja na la kumi na mbili wanafanya SAT mara mbili bila kulipa. Ya kwanza ndo hiyo ya Desemba. Ya pili ni Mei hii. Ya tatu natoa mfukoni, ndo maana sikutaka mchezo.

Basi Januari nikaanza kutafuta mwalimu. Unajua sisi kutafuta tuisheni tunavyojua, unauliza jirani, unaambiwa kuna mwalimu nyuma ya soko, unampeleka mtoto na daftari lake, wanakaa wanane benchi moja, mwisho wa mwezi unatoa chochote. Huku nilikuta ni biashara ya watu na tai. Nikaenda kwenye kampuni moja, jina naliacha, ofisi ina zulia na picha za watoto wanacheka, wakampa Hashimu jaribio la bure halafu wakanikalisha. Yule dada akaniambia mwanao ana kipaji ila amechelewa sana. Kaka, maneno hayo mawili yakitajwa pamoja shika pochi yako! Pakeji ilikuwa dola 2,400 kwa saa ishirini, na wana garantii, asipopanda pointi 150 wanarudisha hela. Nikatoa 600 ya kuanzia, piga hesabu hapo, ni kama milioni moja na nusu ya kwetu. Ndo bati hizo.

Wiki ya kwanza akafundishwa na kijana mmoja, ya pili binti mwingine, ya tatu mwingine tena, kila anayekuja anaanza upya, "tell me about yourself", mtoto anajieleza nusu saa kama yuko uhamiaji. Nilipolalamika ndo nikaonyeshwa yale maandishi madogo, garantii ni kwa atakayemaliza saa zote ishirini, asikose hata kipindi kimoja na afanye homuweki zote, na Hashimu alishakosa kimoja siku gari langu lilipogoma. Nikakata pale pale. 600 haikurudi. Nililia kwenye gari, kisha nikaenda kazini kugeuza wazee wa watu vitandani.

Hilo la 600 Mama asilijue. Nakuomba.

Wa pili alikuwa mwanafunzi wa chuo, dola 40 kwa saa, anakuja hadi nyumbani, mkali kweli wa hesabu, sina baya la kumsema. Tatizo lake akiona Hashimu amekwama anachukua kalamu anaimaliza mwenyewe, chap chap, "see?", na Hashimu anaitikia kwa kichwa. Mi niko jikoni nasikia see, see, see. Akiondoka namuuliza mwanangu umeelewa, ananiambia nilielewa alipokuwepo. Mwezi mmoja, nikaacha.

Kipindi hicho pia tukajaribu vya bure, na usidhani sikujua kwamba vipo. Kuna tovuti ya Khan Academy, wana masomo yote ya SAT bure, na kuna Schoolhouse.world, ilianzishwa 2020 na huyo huyo Sal Khan mwenye Khan Academy, vijana wenyewe wanafundishana kwa Zoom, bure kabisa. Vizuri sana kwa mtoto anayejituma. Wangu akifungua laptopu mwenyewe saa tatu usiku dakika kumi anasoma, iliyobaki ni mpira, na mi shifti ya usiku siwezi kumchunga.

Wa tatu sasa. Ramadhani tulialikwa futari ya Watanzania hapa hapa Houston upande wa Alief, watu wengi, tambi, kaimati, nikawa nawasimulia wenzangu habari ya 600 huku nachekesha ili nisionekane mjinga. Kuna baba mmoja alikuwa kimya anakula muhogo wake, akaniuliza tu, makosa yake ni ya aina gani? Nikasema ya hesabu. Akasema hapana mama, aina gani. Nikakosa jibu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, sio wale wa zulia wala yule wa see see. Kumbe ni mwalimu, alifundisha hesabu na fizikia sekondari huko Tabora miaka tisa, huku anaendesha Uber. Tukakubaliana dola 25 kwa saa, Jumanne na Jumamosi, na siku nikipika ugali na samaki anakula kabla ya kuondoka.

Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alimwambia Hashimu afungue ile programu ya mtihani wenyewe, Bluebook, ambayo ina majaribio kamili ya bure, afanye Jumamosi saa mbili asubuhi kama siku yenyewe, simu kwangu, kwa muda wa saa mbili na dakika kumi na nne, maswali 98. Halafu wakakaa na daftari, kila kosa linaandikwa na linapewa sababu. Hesabu alikosa ishirini na mbili. Tisa kati ya hizo Kaka alikuwa anajua kabisa, ila swali linataka 3x yeye anajibu x, linataka eneo yeye katoa mzingo. Tisa! Mwalimu akamwangalia akamwambia hujakosa hesabu, umekosa adabu ya kusoma swali. Mi jikoni nikajifanya sijasikia.

Kuna siku walinifurahisha. Swali lilikuwa la milinganyo miwili, 2x + 3y = 7 na 4x + ky = 10, k iwe ngapi ili kusiwe na jibu. Mwalimu kaipiga kwa mkono mstari mmoja, sita. Hashimu akasema ngoja, akafungua kalkuleta ya grafu iliyo humo humo ndani ya mtihani, Desmos, akaingiza, akawa anasogeza k kwa kidole, mistari inazunguka, ikifika sita inakaa sambamba kama reli. Mwalimu akanyamaza. Akasema hii wanaruhusiwa? Mtihani mzima wa hesabu, Hashimu akamwambia. Mzee akavuta kiti, akasema nifundishe. Usiku ule mwanafunzi alikuwa Mwalimu, na nadhani ndo siku ambayo Hashimu aliacha kumuogopa.

Kitu kingine alichomwambia, hesabu ziko sehemu mbili, 22 na 22, dakika 35 kila moja, na ukifanya vibaya ya kwanza kompyuta inakupa ya pili nyepesi, ila maksi zako zinakuwa zimeshawekewa dari. Kwa hiyo ya kwanza asikimbie. Na asiache swali tupu, kubahatisha hakupunguzi maksi.

Jaribio la kwanza na Mwalimu alipata 480 hesabu, likaja 510, Jumamosi iliyopita 540. Ni la nyumbani tu, najua, mtihani wenyewe ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo, na Mwalimu mwenyewe anasema usishangilie goli la mazoezini. Lakini nimeona daftari, yale makosa ya 3x yamebaki mawili.

Juzi kasema kipindi cha mwisho hachukui hela, eti mwambie mjomba wake bati za kwanza nimechangia mimi, maana nilimsimulia. Nimemkatalia, atalipwa.

Sasa ya kwetu. Ijumaa hii nalipwa na nina ovataimu mbili, natuma bati za vyumba viwili vya mbele na chumba cha Mama, fundi aanze hapo. Jiko na ukumbi visubiri mwezi wa sita, na kama masika yamekaza mfunike kwa turubai lile la baba, si lipo kwa Wifi? Usikope kwa mtu tafadhali, najua ulishataka kwenda kukopa.

Hashimu anakusalimia, anasema Mjomba umpigie Jumapili saa mbili usiku ya huko, anataka kukuonyesha ile mistari ya Desmos. Mpe nafasi hata kama mtandao unakata. Na ile 600, nimeshakwambia, kwa Mama hapana.

Nduguyo,
Mwanaisha