Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mshauri nasaha naye akae na nani?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kama mshauri nasaha wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU. Wageni kutoka wilayani na mkoani hutufikia kwa usimamizi shirikishi. Hufungua rejesta, huhesabu waliopimwa na watoro waliorudishwa kwenye dawa. Tarehe iliyokosewa wanaiona. Sijasikia aliyeuliza mshauri amelalaje baada ya kumpa majibu binti aliyeletwa na mama yake, mama akainuka na kutoka kabla kikao hakijaisha.

Uchovu wa mshauri, ule wa moyo kufa ganzi, hauji kwa kishindo. Mteja analia, nawe unasema "pole sana" huku jicho liko kwenye foleni. Nasaha zinakutoka kwa kukariri, kama kondakta anayetaja vituo. Mtoro wa dawa anakuwa kero. Nyumbani, mwanao akilalamika kichwa, unaona anadeka tu. Kuna anayefikishwa hapo na uzito wa maumivu ya watu, na kuna anayezidiwa na wingi wa kazi, hasa tangu misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025 na baadhi ya wenzetu waliolipwa na miradi wakaachishwa. Mara nyingi yote mawili humwangukia mtu yuleyule.

Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linauhesabu uchovu wa namna hii kuwa tatizo la kikazi, si ugonjwa. Basi dawa yake ianzie kazini. Semina ya siku moja ya "kujitunza" (waandaaji wanisamehe, posho tulipokea) haipunguzi foleni.

Ninaomba kila mshauri akae walau mara moja kwa mwezi, ndani ya saa za kazi, na mshauri mzoefu asiye bosi wake, mahali anapoweza kusema "mteja huyu amenishinda" bila kauli hiyo kuingia kwenye tathmini yake. Aliyekwisha kuishiwa kabisa apewe likizo, kisha aanzie kwenye miadi na mafaili, wateja waongezwe kidogokidogo. Ukimrudisha moja kwa moja kwenye foleni ileile, utampoteza.

Kwa kuanzia, fomu ya usimamizi shirikishi iongezwe swali moja: mara ya mwisho mshauri huyu alisikilizwa lini, na nani?

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mshauri nasaha