Rukia, pandeni chombo saa kumi

Bunga, Kampala

Somo yangu Rukia,

Assalamu alaykum. Barua yako imefika pamoja na achari ya maembe, na achari haikuiona hata Ijumaa. Sisi wazima. Shangazi bado yuko kwetu. Alikuja kumtazama mjukuu, na sasa ukimtajia basi la Mombasa anabadilisha mazungumzo.

Umeniuliza juu ya ile safari ya jioni kwenye Ziwa Victoria aliyoiona mumeo kwenye simu: chombo chenu peke yenu, saa mbili za tanga mbele ya mji, jua linazama, mnashushwa. Unataka kujua kama ni kitu cha kweli au ni picha za kuwatoa watu pesa. Ni cha kweli, na mwende. Ila msikubali saa waliyowapangia. Kumi na moja na nusu ni saa ya watu wa mashine. Wa tanga huingia chomboni saa kumi, au kumi na robo wakichelewa.

Nikueleze sababu, maana mumeo namjua, atabisha. Ziwa hili halina kusi wala kaskazi kama tunavyozijua sisi. Upepo wake ni wa siku kwa siku. Mchana nchi kavu inapata moto upesi kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda, na ile ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Kwa hiyo adhuhuri ikishapita upepo unatoka majini kuelekea mjini, unakolea alasiri, na jua likianza kulegea nao unalegea. Jua linapogusa vilima, mara nyingi tanga linaning'inia tu. Usiku mambo yanageuka: ardhi inapoa, maji yanabaki na joto lao, upepo unatoka bara kwenda ziwani, na huko katikati ndiko zinakopikwa mvua na radi ambazo wavuvi wa usiku wanaziogopa kuliko kitu kingine chochote.

Basi anayekuuzia machweo anakuuzia ile saa ambayo tanga halina kazi. Ndiyo maana wengi wanaishia kuwasha mashine. Na kwa kupanda mashine, si afadhali feri ya Likoni, ambayo kwa mtembea kwa miguu ni bure?

Halafu jua lenyewe. Kampala iko magharibi yenu na saa zetu ni zile zile, kwa hiyo la kwetu linazama karibu nusu saa baada ya la Mombasa. Mwanzoni mwa Novemba ni kabla kidogo ya kumi na mbili na dakika arobaini. Katikati ya Februari linavuka saa moja. Ikweta inapita ziwani, kusini kidogo ya Entebbe, na jua la hapa linashuka wima bila kukawia. Likishazama, dakika ishirini na kitu baadaye huioni tena kamba uliyoishika.

Kuna jambo ambalo picha ya simu haikumwambia mumeo. Munyonyo, mtakapopandia, iko ufuko wa magharibi wa ghuba ya Murchison. Jua halizami majini, linazama nyuma ya mji, kwenye vilima vya Buziga na Munyonyo penyewe. Mkikaa karibu na ufuko mtalikosa mapema, kivuli cha kilima kitawafunika mngali mnasubiri. Lazima mtoke, mvuke hadi katikati au zaidi, upande wa Mukono, kisha mgeuke. Hapo ndipo mji unakuwa mweusi, mapaa na minara ya simu yote inasimama dhidi ya wekundu, na utashangaa kwamba kule ndiko ulikokwama kwenye foleni asubuhi. Kufika huko kwa tanga kunataka upepo, na upepo uko saa kumi. Unaona hesabu inavyorudi pale pale?

Sisi tulikwenda mimi, baba watoto na Shangazi. Unakumbuka baba yake alikuwa nahodha wa jahazi la boriti, Lamu na Mombasa. Alipofika gatini akakikagua chombo: cheupe, cha faiba, mlingoti wa alumini, matanga mawili ya pembe tatu. Akauliza foromali, ule mti wa kutwekea tanga, iko wapi. Nahodha, kijana wa Kisoga aliyejifunzia Kiswahili Busia, hakuelewa swali.

"Jjajja," yaani bibi, "hii haina hiyo kitu."

"Na tanga utalitweka na nini?"

Kijana akamwonyesha kamba inayopita ndani ya mlingoti. Shangazi akanyamaza, na mimi namjua. Akinyamaza vile anahesabu kasoro.

Walipatana kwenye bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo. Upepo ulikuwa wa kusini na kusini mashariki, na Shangazi kabla hatujang'oa akamwambia kijana aanze nao usoni, ili ukija kupungua utukute tumeelekea nyumbani, si tumeelekea Mwanza. Kijana akasema ndivyo anavyofanya siku zote, na nadhani kuanzia hapo heshima ikaingia. Tukashika kusini kuelekea Kaazi, ambako watu wa matanga wana klabu yao, Victoria Nyanza Sailing Club, tukawa tunakata huku na huku. Sasa, kwenye jahazi kugeuza upande ni shughuli: unaachia chombo kizunguke kwa tezi, mabaharia wanaivusha foromali mbele ya mlingoti, watu wanapiga kelele. Hapa kijana mmoja aliachia kamba ya demani ya upande huu, akavuta ya upande ule, akatuambia tuinamishe vichwa, boriti ya chini ya tanga ikapita juu yetu, tukawa upande wa pili. Peke yake! Shangazi akasema hiyo si kazi ya mwanamume, ni ulaini wa kupita kiasi. Lakini alikuwa anacheka, na bisho la tatu aliiomba ile kamba.

Nahodha alitaka tutazame nyumba za matajiri, maana ndizo wageni wanazoziulizia. Zipo, na ni nyingi, na kuta zake zinafika majini. Mimi nilitaka Mulungu, ule mwalo wa wavuvi ulio jirani na Munyonyo, kwa sababu ya historia. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alihamia Munyonyo mwaka 1886 baada ya jumba lake la Mengo kuungua, na alipenda kuwinda viboko ziwani. Jioni ya 25 Mei mwaka ule alirudi mikono mitupu, akawaulizia vijana wa jumba lake, akaambiwa wamekwenda kwenye mafundisho ya dini. Hasira ya jioni ile ndiyo iliyowasha mauaji ya mashahidi wa Uganda yaliyoishia Namugongo tarehe 3 Juni. Mwaka mzima watu wanakwenda kuomba Munyonyo kwa njia ya barabara. Wachache wanajua kwamba habari yenyewe ilianza na mtu anayeshuka chomboni amekasirika.

Na miaka kumi na moja kabla ya hapo, Aprili 1875, Stanley, yule mvumbuzi wa Kizungu, alimkuta Kabaka Mutesa kwenye kambi yake ya Usavara, kwenye ghuba hii hii. Alifika na mashua yake, Lady Alice, iliyokatwa vipande na kubebwa na wapagazi wa Pwani toka Bagamoyo mpaka kusini mwa ziwa, ikaungwa huko na kutwekwa tanga. Nilipomsimulia Shangazi hakushtuka. Alitaka kujua kama wale wapagazi walilipwa. Kijana naye akasema wazee wao hawakuwa na haja ya tanga, walikuwa na makasia, na mitumbwi ya Kabaka ilikwenda kwa makumi ya wapiga makasia kwa mpigo mmoja. Upande wa Kenya na Tanzania bado utaona mitumbwi ya uvuvi ina tanga la pembe tatu, mtoto kabisa wa jahazi letu. Huku karibu na Kampala wavuvi wengi wameshahamia mashine. Tulipishana nao wakitoka kutega, mitungi ya petroli miguuni.

Mkipewa nafasi ya kuchagua, msikubali kupelekwa kaskazini kwenye ghuba ya ndani, upande wa Luzira na Port Bell. Ni kwenda na upepo, ni rahisi kwa nahodha, na ndiyo maana wanapenda. Ila mfereji wa Nakivubo unamwaga huko maji machafu ya sehemu kubwa ya mji, maji yana kijani kizito na gugu maji linajikusanya kwa mafungu, na harufu siku nyingine inakutana nawe mbali. Ggaba, ambako maji ya bomba ya Kampala yanatekwa na kusafishwa, iko kwenye ghuba hiyo hiyo ya ndani, na sasa umeongezwa mtambo mwingine Katosi, mbali na mji. Ggaba yenyewe ipitieni kwa mbali tu, saa za jioni soko la samaki likiwa limechangamka. Utawaona yangeyange na mikorongo ya jalalani wakingoja matumbo ya sangara. Mnandi wanakausha mabawa juu ya nguzo. Tulimwona na kwazi mmoja, akapiga kelele yake ile, Shangazi akamjibu.

Kumi na moja na nusu upepo ulikuwa umeshapungua, kumi na mbili ukaisha. Tulikuwa upande wa mashariki, jua bado lina kimo cha mkono juu ya vilima, na chombo kimesimama. Kijana akasogea kwenye mashine. "Jjajja, sasa upepo imeenda kulala."

"Hujalala, unageuka. Ngoja umande, upepo wa bara."

"Huo unakuja usiku, Jjajja."

Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo unapolipia kuwa peke yenu: hakuna abiria wa tatu anayetaka muziki, hakuna kundi linalosubiri zamu. Mkisema mkae, mnakaa. Tulikaa. Hakukuwa na sauti ila maji yanayogonga ubavu, na adhana iliyokuwa inatoka sijui msikiti gani wa pale juu wakati jua linaingia. Shangazi akaswali amekaa, akiwa ameshauliza Qibla mapema (kutoka hapa ni kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo, kwa hiyo mnaupa mji ubavu). Kisha kijana akawasha mashine na hakuna aliyemlaumu. Gizani na bila upepo mashine ni neema.

Ya usalama nitayasema kwa kifupi kwa sababu mumeo atajifanya hayamhusu. Jaketi okozi kila mmoja, mvae, msikalie. Novemba 2018 mashua ya starehe iliyojazwa watu kupita kiasi ilizama karibu na ufuko wa Mukono jioni, watu zaidi ya 30 wakafa, ufuko wanauona. Ziwa halina chumvi ya kukuinua kama bahari, na mawimbi yake ni mafupi na ya karibu karibu. Anayeogelea Nyali vizuri asijidanganye. Wingu likiwa jeusi kusini, ahirisheni, hata kama mmeshalipa. Na usichovye miguu kwenye matete pale ufukoni, kuna kichocho.

Bei waulize ni ya chombo kizima au ni ya kichwa, na kama kiingilio cha ufukweni na mafuta vimo ndani. Wengine wanataja bei nzuri halafu vitu vinazaliwa njiani. Chakula chao ni ghali bila sababu. Nitakuchomea gonja, zile ndizi za kuchoma, na kukupa chai kwenye chupa. Chukua mtandio wa kujifunika pua, si kwa ajili ya baridi tu (tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, jioni inapoa) bali kwa ajili ya sami, vile vidudu vya ziwani vinavyopanda kutoka majini kama moshi. Haviumi, lakini vinaingia mdomoni, na mumeo anapenda kuongea.

Nijibu mapema siku mtakayofika ili nizungumze na kijana, ana chombo kimoja na Jumamosi zinakwisha upesi. Na samahani, ile habari ya kuwa peke yenu wawili haipo tena. Shangazi ameshajialika. Anasema kijana amemwahidi usukani, na nikuandikie umletee halua ya Mombasa, kilo mbili, moja ya nahodha.

Wako,
Zaituni